Hofu ya Jiwe la Angani: Tusijaze Misikiti kwa Habari Isiyothibitika

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), Mola wa mbingu na ardhi na vilivyo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mwezi wa Shaabani wa mwaka 1446 Hijria, yaani Februari 2025, habari moja iliizunguka dunia nzima na ikapanda hadi huku kwetu Kibosho, katika mitelemko ya Kilimanjaro. Ilisemwa kwamba jiwe linalolizunguka jua, ambalo wanafalaki wamelipa jina la 2024 YR4, huenda likaigonga ardhi tarehe 22 Desemba 2032, na kwamba bara la Afrika ni miongoni mwa mahali ambapo lingeweza kuangukia. Habari yenyewe ilikuwa na msingi. Lakini kila ilipotoka simu moja kwenda nyingine ilitiwa chumvi. Neno "huenda" likaondolewa, tarehe ikasogezwa karibu, na mwishowe zikaja sauti za watu wasiojitaja majina zikidai kwamba Kiyama kimekwisha kupangiwa siku.

Jiwe lile halitishi tena, kama tutakavyoeleza. Tumeona vyema kuliandika jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu liko jingine njiani. Mwezi wa Aprili 2029 jiwe kubwa zaidi, liitwalo Apophis, litapita karibu mno na ardhi yetu, na watu wa Afrika wataweza kuliona kwa macho yao. Hapana shaka ndimi zitafunguka tena. Basi ni wajibu wetu kujiandaa mapema, hasa sisi wenye dhamana ya mimbari, madrasa na watoto.

Mawe haya ni nini?

Asteroidi ni mawe na mapande ya madini yanayolizunguka jua kama ardhi yetu inavyolizunguka. Mengi yake yako mbali, kati ya sayari ya Mirihi na sayari ya Mushtari, lakini baadhi yake yana njia zinazokatiza karibu na njia ya ardhi. Kipande kidogo kikiingia katika hewa yetu kwa kasi huwaka na kung'aa, nacho ndicho tukiitacho kimondo. Vingi huteketea huko huko juu. Vichache hufika chini.

Afrika Mashariki si mgeni wa mawe haya. Kila mwanafunzi wa Tanzania amesoma habari za Kimondo cha Mbozi, kilichoko katika Mkoa wa Songwe, chenye urefu wa mita 3 hivi na ambacho sehemu yake kubwa, karibu asilimia 90, ni chuma. Wenyeji walikuwa wakikijua kabla mpima ardhi mmoja hajakitangaza kwa walimwengu mwaka 1930. Katika mkoa huo huo, tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jingine lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Hilo halikuwa kubwa, lakini ni la aina adimu sana, na wataalamu hulithamini kwa kuwa limehifadhi madini ya tangu zama ambazo jua na sayari zake zilikuwa zikiumbwa. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya angani ilianguka Mbale, Uganda, na kijipande kimoja cha uzito wa gramu chache kikampiga kijana baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia. Mwezi Julai 2011 mengine yalianguka Thika, nchini Kenya.

Lakini kisa chenye mafunzo makubwa zaidi ni cha ndugu zetu wa Sudan. Tarehe 6 Oktoba 2008, siku chache baada ya Idd el Fitr, darubini moja iliyoko Arizona, Marekani, iliona jiwe la upana wa mita 4 hivi likija moja kwa moja. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa jiwe la angani kuonekana kabla halijaanguka, na wanafalaki wakahesabu mahali na saa. Kesho yake alfajiri likapasuka juu ya jangwa la Nubia, kama walivyosema. Miezi miwili baadaye Dk. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na Peter Jenniskens kutoka Marekani, waliwaongoza wanafunzi wa chuo hicho kutembea jangwani wakiwa wamejipanga mstari mmoja, macho yao chini, mpaka wakaviona vipande vyeusi juu ya mchanga. Mawe hayo leo yanajulikana duniani kote kwa jina la Kiarabu la kituo cha reli kilichokuwa karibu, Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita.

Wapo watakaouliza: je, Qur'ani haikutufundisha kwamba vimondo ni vya kuwafukuzia mashetani? Ndiyo, imetufundisha hivyo, nasi tunaamini. Allah ametueleza habari ya ghaibu ambayo darubini haiifikii. Mwanafalaki naye hutueleza uzito wa jiwe, kasi yake na njia yake, mambo ambayo Allah ametuachia tuyatafute kwa akili aliyotupa. Mtu akisema mvua ni rehema ya Mola, hakumkanusha anayesema kwamba imetokana na mawingu.

Kwa nini hesabu ilipanda kisha ikashuka?

Jiwe la 2024 YR4 liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini iliyoko Chile, siku mbili baada ya kuwa limekwisha kutupita. Lilikadiriwa kuwa na upana wa mita 60 hivi, karibu sawa na upana wa kiwanja cha mpira. Jiwe la kadiri hiyo haliangamizi dunia, lakini si la kupuuzwa. Mwaka 1908 kitu kinachodhaniwa kuwa cha ukubwa unaokaribiana na huo kilipasuka hewani huko Siberia na kulaza miti katika eneo la kilomita za mraba 2,000 hivi, ambalo linazidi kisiwa chote cha Unguja.

Tarehe 29 Januari 2025 mtandao wa kimataifa wa kutoa tahadhari za asteroidi ulitoa taarifa rasmi, kwa sababu uwezekano wa kugonga ulikuwa umevuka asilimia 1. Jumanne ya tarehe 18 Februari ukafika asilimia 3.1. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo ulikuwa umeteremka chini ya asilimia 1, na kufikia Jumatatu iliyofuata ulikuwa chini ya nafasi 1 katika 10,000. Watu wengi wakasema: wataalamu wametudanganya. Wengine wakasema: wanaficha.

Hawakudanganya wala hawakuficha. Tuseme mama amepoteza mundu wake katika kihamba. Amekigawa kihamba vipande 100, na katika kimojawapo ndipo watoto wanapochezea. Kabla hajaanza kutafuta, uwezekano wa mundu kuwa pale pa watoto ni 1 katika 100. Anafyeka majani kwa utaratibu, kipande baada ya kipande, anavimaliza 68 bila ya kuuona. Vimebaki 32, na mahali pa watoto ni miongoni mwavyo. Sasa uwezekano umepanda na kuwa 1 katika 32, yaani asilimia 3.1. Mundu haukusogea hata shubiri moja. Kilichobadilika ni ujuzi wa mama. Akiendelea akaukuta chini ya mgomba wa pembeni, uwezekano wa pale pa watoto unashuka ghafla ukawa si kitu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni wanafalaki walijua kwamba mwaka 2032 jiwe litapita mahali fulani katika ukanda mrefu sana wa anga, na ardhi yetu ilikuwa ndani ya ukanda huo. Kila usiku walipolitazama, ukanda ulifupika, na kwa kuwa ardhi ilikuwa bado imo ndani yake, sehemu yake katika ukanda ilionekana kukua. Walipozidi kulitazama ukanda ukafupika tena, na ardhi ikabaki nje. Mama mwenye busara huwaondoa watoto mahali pale mpaka mundu upatikane, naye hana haja ya kuwapigia mayowe majirani kwamba mtoto amekwisha kukatwa.

Hoja mbili katika kikao kimoja

Juma lile lile la hesabu ya asilimia 3.1, kamati yetu ya msikiti ilikuwa na kikao cha kuandaa Ramadhani. Yaliyopangwa kujadiliwa yalikuwa futari ya wasiojiweza, mabomba ya kutilia udhu na ratiba ya darsa. Jambo la jiwe halikuwamo. Lakini mzee wetu mmoja, mtu wa ibada na mwenye umri kuliko sisi sote, aliomba nafasi akapendekeza kwamba hotuba ya Ijumaa iwe juu ya jiwe hilo, na kwamba watu waambiwe wazi kuwa adhabu imekaribia.

"Vijana wetu hawaji Alfajiri," alisema. "Tumewaita kwa upole miaka yote. Ikiwa hofu ndiyo itakayowaleta, waacheni waogope. Kwani Mitume hawakuonya?"

Hoja hii si nyepesi, na hatukuichukulia hivyo. Aliyemjibu ni mwalimu wetu wa madrasa ya watoto, mama ambaye huwa hasemi sana vikaoni. Alisema: "Shikamoo mzee wangu. Mitume walionya kwa wahyi. Sisi tutaonya kwa ujumbe wa simu? Hao wakija kwa ajili ya jiwe, jiwe likipita wataondoka nalo. Na mimi watoto wangu wawili wa darasa la Juzuu Amma wameacha kulala peke yao."

Akaongeza jambo ambalo wengine hatukuwa tumelisikia. Mzazi mmoja kijana, aliyekuwa amejiandaa kung'oa mibuni mizee na kupanda miche mipya ya kahawa kutoka Lyamungo, alikuwa amemwambia mkewe kwamba asubiri kwanza. Mbuni huchukua kiasi cha miaka 3 mpaka uzae vizuri, naye alikuwa akijiuliza faida ya kupanda ikiwa mwaka 2032 hakuna atakayekuwapo wa kuvuna.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo tunaliandika hapa kwa kuwa ni la haki: "Basi msimwambie mtu kwamba hana la kuogopa. Mauti hayasubiri 2032." Hakuna aliyempinga. Ilikubalika kwamba khatibu azungumzie kisa cha kupatwa kwa jua Madina, na asitaje asilimia yoyote mimbarini. Ijumaa ilipofika, tarehe 21 Februari, ile asilimia 3.1 ilikuwa imekwisha kuwa habari iliyopitwa. Lau ingetangazwa kutoka mimbarini kama dalili ya adhabu, sijui tungewaeleza nini waumini wiki iliyofuata, na sijui ni nani angetusikiliza mwezi wa Ramadhani ulipoandama.

Jua lilipopatwa Madina

Kisa chenyewe kimo katika vitabu sahihi vya Hadithi, vya Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim. Siku hiyo jua likapatwa. Wanafalaki wa leo wamelihesabu tukio hilo na kulikuta katika Januari ya mwaka 632. Watu wa Madina walipoona giza mchana walisema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba wa Mtume.

Tufikiri hali ilivyokuwa. Baba amezika mwanawe. Watu wote wameingiwa na hofu, na hofu hiyo inawavuta kwake. Hakuna aliyewaomba waseme walivyosema, wamesema wenyewe. Lau angenyamaza tu, utukufu wake ungezidi machoni mwao. Mtume hakunyamaza. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara miongoni mwa ishara za Allah, na kwamba havipatwi kwa ajili ya kufa au kuzaliwa kwa yeyote. Kisha akawaamuru wanapoona hali hiyo waswali na wamwombe Allah.

Ndani ya tendo hili moja mna majibu ya hoja zote mbili za kikao chetu. Mtume aliikataa sababu ya uongo, hata ilipokuwa na manufaa kwake. Wala hakuwaambia watu warudi majumbani wakalale. Aliwaelekeza katika swala. Uchaji Mungu ulibaki, uzushi ukaondolewa. Muumini hutetemeka mbele ya ukubwa wa alivyoviumba Mola wake, naye hukataa kumsingizia Mola jambo asilolisema.

Kuhusu Saa ya mwisho, Qur'ani imekata shauri: elimu yake iko kwa Allah peke yake, wala haitufikii ila kwa ghafla. Basi yeyote anayetangaza tarehe ya Kiyama, hata akiipamba kwa majina ya darubini na takwimu, amejipa elimu ambayo Jibril mwenyewe alipomuuliza Mtume kuihusu hakupewa jibu. Na yeyote anayesema kwamba jiwe fulani limetumwa kwa ajili ya watu fulani, atuoneshe wahyi uliomfikia. Kaumu zilizoangamizwa kwa mawe zilikuwa na Mtume aliyezionya kwa jina.

Na yule mzazi wa mibuni? Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) mafundisho ya Mtume kwamba Saa ikisimama hali ya kuwa mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Haya ndiyo aliyokumbushwa kijana yule, kwa faragha na kwa upole, na mwalimu wa madrasa. Miche ilipandwa masika ile ile.

Somo la Desemba 2004

Apophis nalo lilianza kwa kutisha. Liligunduliwa Juni 2004, na ilipofika tarehe 27 Desemba ya mwaka huo uwezekano wa kuigonga ardhi mwaka 2029 ulihesabiwa kuwa asilimia 2.7. Siku hiyo hiyo zikapatikana picha za zamani za jiwe hilo, hesabu zikarekebishwa, na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka.

Watu wachache sana waliisikia habari hiyo wakati ule, na sababu yake inauma. Jana yake, Jumapili ya tarehe 26 Desemba, tetemeko la ardhi lilikuwa limepiga karibu na Sumatra, nchini Indonesia, na mawimbi ya tsunami yakaivuka Bahari ya Hindi. Yalichukua takriban saa 7 kufika Somalia, yakaua mamia ya watu ambao hakuna aliyewaambia. Tanzania nayo ilipoteza watu wasiopungua 10 katika pwani yake. Kenya habari ilifika mapema kidogo, watu wakaondolewa fukweni, na waliokufa walikuwa wachache mno.

Tulitafakari jambo hili. Katika siku zile zile, wanadamu walikuwa na jiwe la kuhofiwa baada ya miaka 25, ambalo halikuwa na madhara, na walikuwa na maji yaliyo safarini, ambayo kwa saa 7 nzima hayakutajwa kwa wavuvi wa Somalia. Tofauti ya msiba wa Somalia na salama ya Kenya ilitokana kwa kiasi kikubwa na habari ya kweli kufika kwa wakati kwa mtu mwenye mamlaka ya kutenda. Katika Suratun Nisaa Allah anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulirejesha kwa wenye ujuzi wa kulichunguza. Aya hiyo haikutuamrisha kuzifungia habari za hatari. Imetufundisha njia ya kuzipitisha.

Huku milimani tunazo hatari zetu. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Sisi tunaoishi chini ya Kibo, wenye nyumba kando ya makorongo na mifereji, tunajua masika inavyoweza kuja. Kipaza sauti cha msikiti kinafaa zaidi kutangaza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuliko sauti isiyo na mwenyewe.

Usiku wa Aprili 2029

Wazazi wengi watataka kujua kitakachotokea hasa. Apophis lina upana wa mita 340 hivi, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Litatupita usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029, na litakuwa karibu kabisa mnamo saa 6 na dakika 46 za usiku kwa saa zetu. Umbali wake kutoka ardhini utakuwa chini kidogo ya kilomita 32,000, karibu kuliko satelaiti nyingi zinazoturushia matangazo ya televisheni. Halitagonga. Vipimo vya rada vya Machi 2021 vimethibitisha kwamba ardhi iko salama nalo kwa miaka 100 ijayo kwa uchache.

Yeyote atakayeliona ataona nukta kama nyota ya kawaida, si kubwa wala yenye mkia, inayosogea polepole baina ya nyota nyingine. Jina lake lisiwatishe. Wagunduzi walilichukua katika visa vya miungu ya uongo ya Misri ya kale, na jina halimzidishii jiwe uzito.

Liko jambo ambalo Waislamu watalipenda. Usiku huo hautakuwa na mbalamwezi, kwa kuwa utaangukia mwishoni mwa Mfunguo Pili, na watu watakuwa wakijiandaa kuutafuta mwezi mwandamo wa Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, wa mwaka 1450. Mbingu itakuwa na giza zuri la kutazamia. Hata hivyo, Aprili ni masika, na wakazi wa Kibosho wanajua ni nani mwenye mbingu yetu wakati wa masika. Huenda tukaona mawingu tu, wenzetu wa nchi kavu wakatusimulia.

Ni ajabu kwamba umma ulioupa ulimwengu majina ya nyota nyingi, ambao ulijenga vituo vya falaki Maragha na Samarkand, na ambao kila siku huswali kwa kuhesabu mwendo wa jua, leo uogope kutazama juu. Watoto wetu wanaofundishwa kuutafuta mwezi wa Ramadhani wanaweza kufundishwa kuitafuta Apophis. Mwanadamu naye hakuachwa bila hila: tarehe 26 Septemba 2022 Shirika la Anga la Marekani lilikigongesha chombo kwa makusudi katika kijiwe kiitwacho Dimorphos, ambacho hakikuwa na hatari kwetu, na mzunguko wake ukafupika kwa zaidi ya nusu saa. Ilionekana kwamba, kwa idhini ya Allah, jiwe likijulikana mapema linaweza kusukumwa.

Ya kufanya majumbani

Ujumbe wa kutisha ukifika katika simu yako, muulize aliyeuleta maswali manne: nani amesema, lini, jiwe lina ukubwa gani, na uwezekano ni kiasi gani? Ujumbe usiokuwa na majibu hayo ukome kwako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba inatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia, na anayesambaza ujumbe kwa simu ni msimulizi pia.

Mtoto akiuliza kama jiwe litatuua, msimkemee wala msimcheke. Mwambieni kwamba mawe yapo, kwamba wako watu wanaokesha kuyatazama, na kwamba yote yako mkononi mwa Mola aliyetuumba. Kisha msomeeni dua ya kulala na mkae naye kidogo.

Mkiona mwanga mkali wa ghafla angani, msikimbilie dirishani. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la mita 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo. Mwanga hutangulia na kishindo hufuata baadaye, na wengi walikuwa wamesogea madirishani kutazama. Kaeni mbali na vioo mpaka kishindo kipite.

Na wenzetu wa kamati za misikiti, pamoja na maimamu na makhatibu, tunawaomba mlizungumze jambo hili kabla ya 2029, wakati nyoyo zimetulia. Ikiwezekana aitwe mwalimu wa fizikia au jiografia wa shule ya jirani, awe Mwislamu au asiwe, awaeleze vijana baada ya swala ya Ishaa. Mimbari ni amana. Mwenye kuitumia leo kwa habari isiyothibitika atawakuta watu wameziba masikio siku atakapopanda na habari ya kweli.

Tunamwomba Allah atupe hofu ya kumcha Yeye, atuepushe na hofu ya uzushi, na azilinde familia zetu na mabaya ya ardhini na ya mbinguni. Wallahu a'lam.